Gari Likataalo Kuwaka Lingali Moto



Barua iliyo mbele yangu juma hili imetoka kwa mama mmoja wa Kisauni, naye ameniruhusu kuitumia pasi na kulitaja jina lake. Yeye na mumewe walisafiri hadi Meru kumtazama binti yao aliyejifungua. Usukani aliushika yeye, kwa kuwa macho ya mumewe hayamruhusu tena kuendesha safari ndefu. Walilala Nairobi, wakaondoka asubuhi, wakapita Thika, Makutano na mashamba ya mpunga ya Mwea, na gari halikuonyesha dosari yoyote. Walipofika Embu walisimama wakaswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, wakala kidogo, kisha wakarudi garini. Ufunguo ukazungushwa. Injini ikazunguka kwa nguvu zake zote, lakini haikuwaka. Vijana waliokuwa karibu walijitolea kusukuma, ila gari ni la gia za otomatiki, na gari la namna hiyo haliwashwi kwa kusukumwa. Baada ya dakika kama 25 likawaka, kana kwamba halijapata kuwa na lolote. Waliposimama Chuka likarudia yale yale, na safari hii jua lilikuwa likizama nao wana mjukuu wa miaka minne ndani.

Siku ya pili, huko Meru, walilipeleka kwa fundi. Asubuhi hiyo yenye baridi liliwaka kwa mguso wa kwanza. Fundi akabadilisha plagi, akapokea ujira wake, akawatakia safari njema. Njiani kurudi Mombasa likazima mara mbili. Sasa mume ashauri gari liuzwe, na anayetaka kulinunua aitwe alfajiri, kabla halijapata joto. Mama auliza mambo mawili: gari lina ugonjwa gani, na je, kuliuza kwa namna hiyo kwafaa?

Nianze na la pili, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Haifai. Muuzaji aijuaye kasoro ya bidhaa yake analazimika kuitaja, na kuchagua saa ambayo kasoro haionekani ni kuificha, hata kama ulimi haukusema uongo. Mnunuzi akiigundua kasoro iliyokuwapo tangu gari li mikononi mwa muuzaji, fiqhi imempa khiyari ya aibu, yaani haki ya kulirudisha na kudai pesa zake. Ikiwa mume atasema waziwazi, "Gari hili hukataa kuwaka likiwa na joto, nasi hatukujua sababu," na mnunuzi akaridhia kwa bei watakayopatana, hakuna ubaya. Lakini kwa nini auze kwa hasara gari ambalo huenda laponyeka kwa kipuri kimoja kidogo?

La kwanza lataka maelezo marefu zaidi. Niliyoandika hapa nimeyapima na mafundi wawili, mmoja wa Mombasa na mmoja wa Embu, mbali na miaka mingi ya kuiendesha gari ya madrasa katika njia hiyo hiyo.

Wengi wetu twadhani kwamba injini ikizimwa huanza kupoa papo hapo. Sivyo. Mama yeyote aliyepika kwa chungu ajua kwamba chungu kikiepuliwa mchuzi huendelea kutokota, kwa sababu udongo wenyewe umebeba joto. Injini nayo ni chuma kilichoshiba moto. Inapokuwa inafanya kazi, maji ya rejeta huzunguka, feni huvuta hewa, na mwendo wa gari huleta upepo. Ukizima, vyote hivyo husimama kwa pamoja, ilhali joto la chuma lingali ndani, halina pa kwenda ila juu, likivijaza vyombo vilivyo chini ya boneti. Kwa hiyo pampu, waya na mabomba ya mafuta hupata joto kali zaidi dakika 10 au 20 baada ya kuzima kuliko yalipokuwa safarini. Nao huo ndio muda hasa wa kuswali na kunywa chai. Ndiyo maana gari lililotoka Nairobi bila ya tatizo likagoma Embu, na ndiyo maana baada ya kungojewa zaidi likakubali.

Njia yenyewe nayo ina mchango wake. Mombasa tuko usawa wa bahari. Embu iko juu zaidi ya mita 1,300, na Meru kiasi cha mita 1,500, na kati ya miji hiyo miwili barabara haitulii: yapanda vilima vya mashariki ya Mlima Kenya na kuteremka katika mabonde ya mito, Thuci, Nithi na mingineyo, kisha yapanda tena. Katika miinuko injini hufanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo, na upepo wa kuipoza huwa haba. Juu ya hayo, kadiri uendavyo juu hewa huwa nyepesi, na vitu vya majimaji huchemka kwa joto dogo zaidi. Maji yachemkayo Mombasa kwa nyuzi 100 huchemka Meru kwa nyuzi kama 95. Walioolewa huko wajua jinsi maharagwe yanavyokawia jikoni kuiva. Petroli, ambayo hata pwani ni nyepesi kugeuka mvuke, huko hugeuka upesi zaidi.

Sasa, ugonjwa wa namna hii una hila moja: huonekana njiani na hutoweka gerejini. Fundi hupelekewa gari lililolala usiku kucha, naye hulitibu lililo zima. Habadilishi plagi kwa ubaya wa moyo. Habadilishi kwa ushahidi pia. Shahidi aliyekuwapo ni aliyeshika usukani, na katika nyumba nyingi siku hizi huyo ni mke, ingawa gerejini husimama mume akaeleza mambo aliyosimuliwa. Namwomba kila mama aendeshaye gari aende mwenyewe kwa fundi akaseme alichokisikia, alichokiona na alichokinusa.

Cha kusikia ndicho cha kwanza. Ukizungusha ufunguo, je, injini yazunguka? Gari likitoa mlio mmoja wa "ta" na kunyamaza, au likazunguka kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane, tatizo liko katika umeme wa kuwashia: betri, starta, au waya zinazoviunganisha. Waya wa shaba ukipata joto huupinga umeme zaidi, kwa kiasi cha asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Starta iliyo karibu na bomba la moshi, ikipanda joto kwa nyuzi 60, hukuta njia ya umeme imebana kwa karibu robo. Starta mpya na betri nzima hulivumilia hilo. Starta iliyochakaa, au vichwa vya betri vilivyoota ule ukungu mweupe, havivumilii. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi, ambayo hula viungio vya waya. Kabla ya kukubali kununua starta, mwambie fundi asafishe vichwa vya betri na kuukagua waya mzito unaofunga betri na mwili wa gari. Mara ngapi watu wamenunua starta kwa ajili ya natì iliyolegea!

Lakini gari la mama wa Kisauni lilizunguka kwa nguvu. Basi starta haina kosa, na betri haina kosa. Injini izungukayo isiwake imekosa moja kati ya mawili: cheche ya moto, au petroli kwa kipimo chake. Hapo ndipo pua na macho yatumikapo.

Ukisikia harufu kali ya petroli, huenda injini imefurika. Katika magari ya zamani yenye kabureta, petroli huchemka ndani ya kabureta baada ya gari kuzimwa na kumiminika kwenye injini. Katika magari ya kisasa ya injekta, huwa injekta mojawapo yavuja, au kipima joto cha maji kimeharibika na kuiambia kompyuta kwamba injini ni baridi, nayo ikamwaga mafuta ya asubuhi katika injini ya mchana. Dawa ya njiani kwa hali hii ni moja: likanyage kanyagio la mafuta hadi chini, ulishikilie hapo pasi na kulipiga-piga, kisha zungusha ufunguo kwa sekunde chache. Kompyuta za magari mengi hulifahamu jambo hilo na kukata petroli ili hewa iingie. Likishika, liachie taratibu. Ila kabla ya yote chungulia chini ya gari. Ukiona petroli inadondoka, usiguse ufunguo. Watoe watoto, wapeleke mbali, na yeyote mwenye sigara afukuzwe.

Ikiwa hakuna harufu yoyote, yawezekana petroli haifiki. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe iliyoizunguka, kwa hiyo mwenye mazoea ya kupanda milima na robo ya tangi huitesa. Ikichoka, hufanya kazi ikiwa baridi na kulegea ikiwa moto. Katika magari mengi, ukifungua ufunguo hatua ya pili bila ya kupiga starta, wasikia mvumo mdogo kutoka nyuma kwa sekunde mbili hivi. Jizoeze kuusikia siku gari likiwa zima, ili siku ukikosekana utambue. Na pengine pampu ni nzima ila haishikilii mafuta katika bomba baada ya kuzimwa, na joto hugeuza yaliyobaki kuwa mvuke. Hapo fungua ufunguo hatua ya pili na kuufunga, mara tatu au nne, ndipo upige starta.

Jambo la mwisho ni la macho, na mimi naliona ndilo lililosahauliwa zaidi. Karibu na shafti kuu ya injini, ile mafundi waiitayo krenki, hukaa sensa ndogo ihesabuyo mizunguko na kuipasha habari kompyuta. Kompyuta isipopata habari hiyo haitoi cheche wala petroli, kwa kuwa kwake injini imesimama. Ndani ya sensa mna waya mwembamba uliozongwa. Uzee ukiufanyia ufa, joto huutanua na ufa huachana; ukipoa, ncha hurudi kugusana. Asubuhi sensa huwa nzima, adhuhuri imekufa, magharibi yafufuka. Dalili yake huonekana hapo mbele ya dereva: wakati starta inazungusha, utazame mshale wa mizunguko ya injini. Katika magari mengi mshale huo huinuka kidogo. Ukilala chini kabisa, na ulikuwa ukiinuka siku za nyuma, sensa yatiliwa shaka.

Nilimwandikia mama kumwomba alipeleke gari likiwa moto: aliendeshe nusu saa, alizime mbele ya gereji, angoje dakika 15, ndipo ampe fundi ufunguo. Pia nilimwomba autazame mshale. Jibu lake lilikuwa na maneno matatu: "Mshale haukuinuka kabisa." Fundi aliipima sensa ingali moto akakuta waya wake umekatika, akaingoja ipoe, akaipima tena, ukaunganika. Kwa hiyo plagi za Meru hazikuwa na hatia yoyote, wala za kale wala mpya.

Wenye magari ya dizeli, hasa zile Hiace na Hilux za zamani zinazobeba watu na mizigo kati ya Embu, Meru na Maua, wana kisa chao. Dizeli haina plagi za cheche. Pampu yake ya kusukuma mafuta ikichakaa, dizeli iliyopata joto huwa nyepesi mno na kupenya kwenye nafasi zilizolika ndani, na mwendo wa starta hautoshi kuipa msukumo wa kufungua nozeli. Ndiyo maana waona makondakta wakiifunika pampu kwa kitambaa kilicholowa au kuimwagia maji, na gari likawaka. Hiyo ni njia ya kuthibitisha ugonjwa, si tiba. Isifanywe injini ikiwa inanguruma, kwani chuma moto kikipata baridi ya ghafla hujikaza, na pampu yaweza kukwama ikavunjika. Anayetaka kununua gari kama hilo asikubali kulionyeshwa asubuhi tu. Aliendeshe hadi lipate joto, alizime, anywe chai polepole, kisha aliwashe mbele ya muuzaji.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia hofu zaidi ya ubovu wenyewe, nalo ni yale watu wayafanyayo ili kuukwepa.

Lipo zoea la kuegesha gari juu ya mteremko na kulishusha likiwa limezimwa, ili gia zilishike na kuliwasha. Mwenye kufanya hivyo Embu au Meru hajui anachocheza nacho. Breki za magari yetu husaidiwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, unabakiwa na kukanyaga mara mbili au tatu, kisha kanyagio huwa gumu kama jiwe. Usukani nao huwa mzito, na ufunguo ukitolewa hujifunga kabisa. Katika barabara hiyo, Jumapili ya tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kuja kwetu Mombasa lilitumbukia katika mto Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Sisemi kwamba basi lile lilishushwa likiwa limezimwa. Nasema kwamba huo ndio mteremko, na hayo ndiyo mabonde. Asishuke mtu huko bila ya injini.

Wengine huliacha gari likinguruma mlangoni mwa msikiti, watoto wakiwa ndani, kwa kuogopa lisikatae. Mtoto wa miaka minne huweza kuvuta gia. Ni afadhali kulizima, kuwatoa watoto, na kukubali kungoja. Wala si lazima kungoja bila ya msaada: fungua boneti mara tu usimamapo, joto lipate njia ya kutokea, na muda utapungua. Jambo hili dogo lingempunguzia mama yetu wasiwasi mwingi pale Chuka.

Wengine tena hukimbilia mfuniko wa rejeta. Maji yaliyomo ndani yamefungiwa kwa msukumo, kwa hiyo huweza kupita nyuzi 100 bila ya kuchemka. Ukiufungua mfuniko Meru, ambako maji huchemka kwa nyuzi 95, yote hulipuka usoni kwa wakati mmoja. Uachwe hadi uweze kuushika kwa kiganja kitupu pasi na kuungua. Kwa kweli gari lisilowaka likiwa na joto aghalabu halikuchemsha. Kiangalie kwanza kipimo cha joto. Mshale ukiwa katikati, rejeta haihusiki.

Wala msiisumbue starta. Sekunde 10, kisha ipumzike dakika nzima. Aizungushaye mfululizo humaliza betri na kuunguza starta, akawa amefika Embu na ugonjwa mmoja na kutoka na mitatu.

Kwa mwenye safari ya njia hiyo ambaye gari lake limeanza dalili na hajapata fundi wa kuaminika, ushauri wangu ni huu. Jaza tangi Thika au Embu, usipande na mafuta kidogo. Zima gari mjini tu, Embu, Runyenjes, Chuka au Nkubu, mahali penye watu na taa, na uliegeshe uwanja ulio sawa, si ukingoni mwa barabara. Ondoka mapema ili dakika 30 za kungoja zisikuangushe katika giza. Likizima lenyewe barabarani, jambo ambalo sensa mbovu huweza kulifanya, weka pembetatu za onyo mbali nyuma ya gari, na abiria wote washuke wasimame upande wa mlima, si upande wa bonde, wala wasikae ndani wakingoja.

Na andika. Kijidaftari kidogo ndani ya gari chatosha: uliendesha muda gani, ulizima kwa dakika ngapi, injini ilizunguka au haikuzunguka, harufu ilikuwapo au haikuwapo, mshale uliinuka au ulilala, ulingoja muda gani hadi likawaka. Mambo hayo sita fundi wa haki atayapokea kwa furaha. Asiyetaka kuyasikiliza, akafungua boneti na kuanza kufungua plagi, mwombe ufunguo wako kwa adabu.

Barua ya ndugu aulizaye kuhusu bima ya gari na riba imenifikia; ni suala refu, nami nitaliandikia juma lijalo, inshaallah.